Nani Aliyeipima? Maswali ya Wananchi Kuhusu Maabara za Bangi

Bangi ni kosa la jinai Tanzania, Kenya na katika nchi nyingi za Ghuba, na makala haya hayabadilishi lolote katika hilo. Hata hivyo chupa za mafuta ya CBD, kiambata cha bangi kisicholewesha, zinaingia Dar es Salaam na Mombasa ndani ya masanduku ya wasafiri, vijana wetu wanasoma Toronto na Los Angeles ambako duka la bangi lina kibali na risiti, na jirani yetu Rwanda ameruhusu ilimwe kwa leseni. Popote bidhaa hii inapouzwa kihalali, mnunuzi akionyesha wasiwasi muuzaji ana jibu moja la haraka: imepimwa maabara. Maswali yafuatayo yanalichungulia jibu hilo. Mifano mingi nimeitoa California, kwa sababu soko lake ni kubwa, kanuni zake ziko wazi kwa kila anayetaka kuzisoma, na aibu zake zimeanikwa hadharani.

Kwa nini Marekani haina kanuni moja ya kupima bangi?

Ukinunua nyanya Chicago au Houston, kiwango cha mabaki ya kiuatilifu kinachoruhusiwa juu yake ni kilekile, kwa kuwa kimewekwa na serikali ya shirikisho. Bangi haikupata mlezi huyo. Majimbo yalipokuwa yakiihalalisha moja baada ya jingine, sheria ya shirikisho iliendelea kuihesabu miongoni mwa dawa haramu, na shirika la mazingira la Marekani, EPA, haliwezi kusajili kiuatilifu cha zao ambalo serikali hiyohiyo inasema halipaswi kulimwa. Kila jimbo likajitungia orodha yake. Sampuli nazo hazina ruhusa ya kuvuka mpaka wa jimbo, kwa hiyo hata jimbo dogo linalazimika kuwa na maabara zake. Ndiyo maana ua lililofaulu upande huu wa mpaka linaweza kushindwa upande wa pili, ilhali ndani yake hakuna kilichobadilika.

California ilipiga kura ya kuhalalisha Novemba 2016. Maduka ya watu wazima yalifunguliwa Januari 1, 2018, kupima kukawa lazima Julai 1 mwaka huohuo, na vipimo vya metali nzito na sumukuvu vikaongezwa mwisho wa Desemba. Kwa miezi sita ya mwanzo, basi, watu waliweza kununua mzigo ambao haukuwa umepitia maabara. Kanada ilikwenda njia nyingine: sheria moja kwa nchi nzima, iliyoanza Oktoba 17, 2018, chini ya wizara moja ya afya, na orodha moja ya viuatilifu 96 vya kutafutwa. Kwa maoni yangu Wakanada walianza na msingi imara zaidi, ingawa nao wamewahi kurudisha bidhaa kutoka sokoni.

Maabara inatafuta nini hasa?

Watu wengi hudhani inapimwa nguvu tu, yaani kiasi cha THC, kile kiambata kinacholewesha. Hicho ni kipimo kimoja kati ya vingi, na kwa afya ya mtumiaji huenda ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote.

Nianze na viuatilifu, maana hapa ndipo penye mambo. California inataka vitafutwe 66. Kati ya hivyo, 21 havitakiwi kuonekana hata chembe. Kwenye kundi hilo imo klopirifosi, ambayo mkulima yeyote wa mboga wa Afrika Mashariki ameisikia, na imo kabofurani, ile iliyouzwa Kenya kwa jina la Furadan na kupata sifa mbaya pale wafugaji walipoipaka kwenye mizoga ili kuua simba. Vilivyobaki 45 vimewekewa kikomo, na kikomo chenyewe kinategemea bidhaa itaingiaje mwilini. Mfano mzuri ni maiklobutanili, dawa ya ukungu inayopulizwa kwenye mizabibu. Mabaki yake kidogo kwenye zabibu huishia tumboni, na ini hupata nafasi ya kuyashughulikia. Yakichomwa moto, hutoa sianidi ya hidrojeni, na moshi huingia mapafuni moja kwa moja kisha damuni. Kwa hiyo California inaruhusu mikrogramu 9 za kemikali hii katika kila gramu ya bidhaa ya kuliwa, lakini mikrogramu 0.1 tu katika gramu ya bidhaa ya kuvutwa. Kemikali ni ileile, kikomo kinapishana mara 90. Mwaka 2015, kabla majimbo mengi hayajaamka, jiji la Denver lilizuia maelfu ya mimea kwenye mabanda ya wakulima wenye leseni kwa sababu ya dawa za aina hii.

Tatizo hukua pale maua yanapokamuliwa kuwa mafuta. Mkamuaji anataka kukusanya THC, lakini mbinu anayotumia hukusanya na sumu vilevile. Kiuatilifu kilichokuwa kidogo kwenye ua, ndani ya mafuta kinaweza kuwa mara kadhaa zaidi. Ndiyo sababu mafuta ya sigara za kielektroniki hushindwa vipimo ambavyo ua lake lilivipita.

Metali nzito zinazotafutwa ni nne: risasi, kadimi, aseniki na zebaki. Mmea huu una tabia ya kunyonya metali kutoka ardhini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndugu yake asiyelewesha, hempu, alijaribiwa karibu na Chernobyl kusafisha udongo uliochafuliwa. Sifa hiyo inayomfaa mhandisi wa mazingira haimfai mvutaji. Kwa bidhaa za kuvutwa California imeweka kikomo cha mikrogramu 0.5 za risasi na 0.2 za kadimi kwa gramu. Na metali haitoki shambani pekee: katriji ya sigara ya kielektroniki ina vipande vya chuma, na mafuta yakikaa humo muda mrefu yanaweza kunyonya risasi kutoka kwenye kifaa chenyewe. Mafuta yaliyopimwa yakiwa kwenye pipa na mafuta yaliyopimwa ndani ya katriji yanaweza kutoa majibu mawili tofauti.

Kisha kuna kuvu. Neno sumukuvu halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kenya anayekumbuka mwaka 2004, mahindi yenye sumu yalipoua watu 125 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, wala kwa Mtanzania anayekumbuka vifo vya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Bangi iliyokaushwa vibaya huota kuvu wa jamii hiyohiyo. California inaruhusu sumukuvu aina ya aflatoksini hadi mikrogramu 20 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Usishangae mahindi kubanwa zaidi: ugali unaliwa kwa mamia ya gramu kila siku, bangi haifikii huko. Kwa bangi, hatari nyingine ni mbegu hai za kuvu aina ya Aspergillus, ambazo mtu huzivuta na hewa. Mwenye kinga imara kwa kawaida hazimdhuru. Kwa mgonjwa wa saratani anayepata tibakemikali, aliyepandikizwa figo au mwenye UKIMWI uliokwisha kushusha kinga, zinaweza kusababisha maambukizi ya mapafu yanayoua, na hao ndio wagonjwa wanaoambiwa na jamaa zao wajaribu bangi kupunguza kichefuchefu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza sampuli 20 za maduka ya kaskazini mwa jimbo wakakuta kuvu na bakteria wa aina nyingi, wakiwemo wanaoweza kumwangusha mgonjwa wa namna hiyo.

Vipimo vingine nivipite haraka. Viyeyushi, kama butani na heksani, hutafutwa kwenye mafuta kwa sababu ndivyo vilivyotumika kukamulia. Salmonella na E. koli hutafutwa kama kwenye chakula chochote. Unyevu hupimwa kwa kipimo kiitwacho shughuli ya maji, na ua lililokauka halitakiwi kuzidi 0.65, kwa kuwa juu ya hapo kuvu huanza kuota tena ndani ya kopo. Mashine za kazi hii, hasa zile za kromatografia zilizounganishwa na spektrometa ya masi, hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Gharama hiyo tutakutana nayo tena mbele.

Sampuli huchukuliwaje?

Maabara haipimi shehena nzima. Inapima kiganja, kisha inasema neno juu ya gunia. Kila kitu kinategemea kiganja hicho kimechotwa vipi.

Mavuno hugawanywa katika matoleo, kila toleo na namba yake, kama tulivyozoea kwenye paketi za dawa. California haikubali toleo la maua lizidi ratili 50, yaani kilo 22.7 hivi. Mtumishi wa maabara mwenyewe ndiye anayefika ghalani kuchukua sampuli, na tendo zima hurekodiwa kwa video ambayo namba ya toleo inatajwa au kuonyeshwa. Kwa toleo la ratili 50 achote sehemu 34 tofauti, juu, chini na pembeni, hadi zifike asilimia 0.35 ya uzito wote. Hiyo ni kama gramu 80. Msambazaji mwenye ghala lazima awepo kushuhudia, ila haruhusiwi kugusa.

Masharti yanaonekana ya kuchosha, lakini yametokana na maumbile ya mmea. Ua la juu lililopata jua lina THC zaidi ya lile la chini lililokaa kivulini, na kuvu haienei sawasawa: kona moja ya gunia inaweza kuoza huku nyingine ikiwa safi. Majimbo mengine yaliwahi kumwachia mkulima apeleke sampuli mwenyewe. Unajua angechagua ua lipi.

Toleo likishindwa si lazima litupwe. Mwenye mali anaweza kuomba kulisafisha au kulikamua, kutegemea lilishindwa kwa sababu gani, kisha lipimwe upya. Likishindwa baada ya kusafishwa mara ya pili, linaharibiwa.

Asilimia ya THC kwenye kopo ina maana gani?

Ua bichi karibu halina THC. Lina THCA, asidi isiyolewesha, ambayo hugeuka THC inapopashwa moto na kupoteza sehemu ya uzito wake kwa kutoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo maabara huchukua THCA, huzidisha kwa 0.877, kisha huongeza THC iliyokuwepo tayari. Ua lenye THCA asilimia 24 na THC asilimia 1 litaandikwa asilimia 22 hivi. Namba 0.877 ni uwiano wa uzito wa molekuli hizo mbili, haina siri yoyote. Anayekuonyesha asilimia 25 kwa kujumlisha tu, ama hajui au anajua sana.

California inamtaka muuzaji wa bidhaa za kula asizidishe miligramu 10 za THC kwa pande moja na 100 kwa paketi. Kanada ni kali zaidi, miligramu 10 kwa paketi nzima. Kipimo sahihi kina maana kubwa zaidi hapa kuliko kwenye msokoto, kwa sababu biskuti huchukua saa moja au mbili kumpanda mtu kichwani, naye akiona kimya huongeza ya pili. Watafiti walioandika katika jarida la JAMA mwaka 2015 walinunua bidhaa 75 za kula San Francisco, Los Angeles na Seattle, wakakuta asilimia 17 tu ndizo zilizoandikwa sawasawa. Asilimia 60 zilikuwa na THC pungufu ya ilivyodaiwa, na asilimia 23 zilikuwa na zaidi. Kundi hilo la mwisho ndilo linalompeleka mtu hospitali.

Je, majibu ya maabara yanaaminika?

Mengine ndiyo, mengine hapana, na sababu inaanzia kwenye anayelipa.

Katika karibu kila soko halali la Marekani, mzalishaji huchagua maabara na kuilipa. Sheria ya California inakataza mwenye maabara kumiliki shamba au duka la bangi, na inataka maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Sawa. Lakini hebu fikiria bwana afya anayelipwa na mwenye bucha, na mwenye bucha ana uhuru wa kuita bwana afya mwingine wiki ijayo endapo huyu wa leo ataikataa nyama. Maabara imenunua mashine kwa mkopo, ina mishahara ya kulipa, na mteja anaondoka kwa simu moja.

Mteja anataka vitu viwili: toleo lifaulu, na asilimia ya THC iwe juu, kwa sababu ua la asilimia 30 huuzwa ghali kuliko la asilimia 18. Yatokanayo yanaonekana kwenye takwimu. Watafiti waliopitia maelfu ya majibu ya jimbo la Washington na kuchapisha mwaka 2018 waliona kwamba baadhi ya maabara zilitoa asilimia kubwa kuliko wenzao kwa utaratibu usioweza kuelezwa na bahati. Mwaka 2023 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya maua 23 waliyoyanunua dukani na kuyapima wenyewe: lebo zilidai wastani wa zaidi ya asilimia 20, wao wakapata wastani wa asilimia 15 hivi. Karibu asilimia 70 ya maua hayo yalipungua kwa zaidi ya sehemu 15 katika kila 100 ya nguvu iliyoandikwa. Na si moja lililokosewa hapa, jingine pale. Karibu yote yalielemea upande mmoja, ule wa faida.

Kutia chumvi kwenye THC ni udanganyifu wa pesa. Kuficha sumu ni jambo jingine. Mwishoni mwa 2018, miezi michache tu baada ya kupima kuwa lazima, ilibainika kwamba maabara moja ya Sacramento ilikuwa ikitoa majibu ya viuatilifu 66 ilhali 22 kati ya hivyo haikuwa ikivipima. Mashine ilikuwa na hitilafu na mkurugenzi akaamua kuandika majibu ya kubuni. Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times, kwa kushirikiana na chapisho la WeedWeek, lilinunua bidhaa 42 zilizopita njia zote halali na kuzipeleka kwenye maabara binafsi. Bidhaa 25 zilikuwa na viuatilifu kupita kiwango cha jimbo, au kupita viwango vya shirikisho vya tumbaku. Na baadhi ya kemikali zilizokutwa hazikuwemo kabisa kwenye orodha ya 66. Orodha ikitangazwa, mkulima asiye mwaminifu anajua pia kisichotafutwa.

Kinachosaidia kinajulikana. Jimbo linunue bidhaa rafuni kimyakimya, kama mteja yeyote, na kuzipima kwenye maabara yake. Mbinu ya kupima THC kwenye maua iwe moja kwa wote. California imelazimisha hilo tangu Januari 2024. Na maabara zipewe sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari, kuona nani anakosea: taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inaendesha mazoezi ya namna hiyo. Mimi ningeongeza moja ambalo wenye viwanda hawalipendi: mzalishaji alipe mfuko wa pamoja, na mfuko ndio upange maabara ya kupima toleo lake.

Kama kuna udanganyifu wote huo, kupima kuna faida gani basi?

Jibu lilikuja mwaka 2019. Hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wenye mapafu yaliyoharibika ghafla, wengi wao wakiwa wamevuta mafuta ya THC kwa sigara za kielektroniki. Hadi Februari 18, 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Wachunguzi walipochukua majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Ni kimiminika kizito, hakidhuru kikipakwa ngozini, ambacho wauzaji walichanganya kwenye mafuta ili yaonekane mazito na yasiyochakachuliwa. Katriji nyingi zilitoka kwa rafiki, mtandaoni au kwa wauzaji wa vichochoroni.

Kumbuka hata hivyo kwamba asetati hiyo haikuwemo kwenye orodha za vipimo za majimbo wakati ule. Njia halali ilisaidia kwa sababu nyingine: bidhaa ina jina la mtu, namba ya toleo na anwani, hivyo inaweza kufuatiliwa na kurudishwa. Katriji ya kichochoroni hairudishwi na mtu.

Bangi iliyofaulu vipimo vyote ni salama?

Hapana. Maabara inatafuta uchafu, haichunguzi bangi yenyewe itamfanya nini anayeitumia. Ua safi kabisa bado lina THC, na THC ina madhara yake kwa ubongo wa kijana unaokua, kwa mimba, kwa dereva, na kwa mtu ambaye familia yake ina historia ya ugonjwa wa akili. Moshi wake ni moshi, una lami na kaboni monoksidi.

Je, mafuta ya CBD yasiyolewesha yana tatizo gani?

CBD haileweshi mtu. Chupa ndiyo yenye mashaka. Mwaka 2017 JAMA lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni kutoka kampuni 31. Zilizokuwa na CBD karibu na kiwango kilichoandikwa zilikuwa 26 tu. Na 18 zilikuwa na THC ndani yake.

Hizo 18 ndizo za kumtia msafiri hofu. Mtu anayetoka London kwenda Muscat au Dubai na chupa ya mafuta ya usingizi anaweza kuwa amebeba dawa ya kulevya bila kujua, na katika nchi nyingi za Ghuba lebo haitamtetea mbele ya jibu la maabara ya polisi. Mwanariadha naye: shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, WADA, liliitoa CBD kwenye orodha ya marufuku mwaka 2018, lakini THC imebaki marufuku wakati wa mashindano. Mkimbiaji wa Iten anayepakwa mafuta ya misuli yaliyoletwa na mfadhili kutoka Ulaya ana sababu ya kuuliza kuna nini ndani.

Tusichanganye chupa hizo na dawa iliyosajiliwa. Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina nzito za kifafa cha utotoni, ni CBD iliyosafishwa, kila toleo likipimwa kwa kanuni za dawa kama ilivyo kwa sindano au kidonge chochote. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa aongee na daktari kuhusu dawa, asimpe mtoto matone ya mtandaoni kwa kudhani ni kitu kilekile.

Afrika Mashariki kuna nani anayepima?

Tanzania, sampuli za bangi hufika kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kenya kwa Mkemia wa Serikali, kwa ajili ya mahakama. Swali linaloulizwa pale ni hili: kitu hiki ni bangi au si bangi? Halihusu risasi, kuvu wala kiuatilifu, na hakuna sababu lihusu, kwa kuwa hakuna kiwango cha ubora kwa kitu kilichopigwa marufuku. Maana yake ni kwamba kete inayouzwa mtaani haijawahi kuulizwa swali hata moja kati ya yale tuliyoyapitia. Anayesema "hii ni ya asili, haina kemikali" anasema asichokijua: haoni kilichopulizwa shambani, wala mahali mzigo ulipolala kwenye unyevu.

Rwanda ni habari nyingine. Serikali yake iliridhia kilimo cha bangi ya dawa Oktoba 2020 na kutoa kanuni mwaka uliofuata, kwa sharti kwamba mavuno yanauzwa nje. Kwa Mnyarwanda mwenyewe kuitumia kumebaki kosa. Lesotho ilitangulia Afrika nzima kwa leseni za namna hii mwaka 2017, na Uganda nayo imetoa nafasi kwa kampuni zenye kibali. Wanaolima hivyo wanatazama zaidi Ujerumani na wanunuzi wengine wa Ulaya, ambako ua la bangi huhesabiwa dawa. Tangu Julai 2024 kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kina ukurasa wake wa ua la bangi, wenye masharti ya usafi na kiasi cha viambata. Kulima kwenyewe ni rahisi kuliko kupita hapo: shehena ikikutwa na kadimi iliyotoka kwenye udongo au mbolea, inakataliwa, na nauli ya ndege imeshalipwa. Anayewaambia wakulima wetu kwamba hili ni zao la utajiri wa haraka awaeleze pia bei ya maabara.

Nikipewa cheti cha uchambuzi, nisome nini?

Kwanza linganisha namba ya toleo iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye kopo mkononi mwako. Zikitofautiana, cheti hicho ni cha bidhaa nyingine, hata kama jina la kampuni ni moja. Kisha angalia tarehe, na ni nani aliyechukua sampuli: maabara, au mteja aliyeileta mwenyewe.

Msimbo wa kuchanganua kwa simu ukikupeleka kwenye tovuti ya muuzaji, tafuta cheti hichohicho kwenye tovuti ya maabara, kwa kuwa faili la muuzaji linaweza kuhaririwa. Ithibati ya ISO/IEC 17025 nayo hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa kimoja kimoja; maabara inaweza kuwa nayo kwa THC na isiwe nayo kwa metali nzito, na bado ikaweka nembo juu ya ukurasa mzima.

Neno "haikuonekana" lisomwe pamoja na kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kukiona. Mashine butu haioni mengi. Na cheti chenye THC na CBD peke yake, kinachoandikwa kwa rangi nzuri na kubandikwa kwenye tovuti nyingi za mafuta, hakijasema lolote kuhusu sumu, kwa sababu hakuna aliyeitafuta.

Kopo lisitupwe kabla bidhaa haijaisha. California na wizara ya afya ya Kanada huchapisha kwenye tovuti zao orodha za bidhaa zilizorudishwa kutoka sokoni, na utakapotaka kujua kama yako imo, utaulizwa namba ya toleo.